Manesi Wawili

Mzee Jairus alikuwa amelala chali kwenye zulia, mdomo wazi, na watu kumi na wanne walikuwa wanamtazama Kerubo.

"Mpisheni nesi!" Ernestine, mke wa mzee, alipaza sauti huku akiwasukuma watu kwa viwiko. "Mpisheni mtoto afanye kazi yake!"

Kerubo hakusogea. Dakika moja tu iliyopita mzee huyo huyo alikuwa amesimama mbele yake, amemshika mikono yote miwili, akiomba kwa sauti iliyojaa sebule yote ya kina Kerubo, huku Brooklyn Center, Marekani: Bwana aibariki mikono hii, mikono hii iponye wagonjwa. Kabla hajafika amina akanyamaza, akaenda chini pamoja na meza ya soda.

Maombi hayo ndiyo yaliyokuwa shughuli ya Jumapili ile. Mama yake Kerubo, Peris, alikuwa ameita marafiki wa kanisani waje wamwombee binti yake, maana zilibaki wiki tatu tu ahitimu unesi. Manesi wengine wa kanisa, na ni wengi kweli, walikuwa zamu. Keki ilikuwa imeandikwa Nesi Kerubo kwa sukari ya waridi.

Na Kerubo, jamani, alikuwa ameacha unesi miaka mitatu iliyopita!

Aliuacha siku alipofundishwa kutafuta mshipa kwenye mkono wa plastiki, akazimia yeye. Wiki iliyofuata alikwenda idara ya Kiingereza, huko huko chuoni Saint Paul, akajiandikisha kusomea uandishi wa hadithi. Akapapenda mpaka akajionea haya. Wanakaa duara watu kumi, hadithi yako inachambuliwa mbele yako mpaka masikio yanawaka moto, kisha unarudi nyumbani kuiandika upya, na kesho unataka tena. Lakini kila asubuhi alitoka nyumbani na sare ya unesi, akaivua kwenye choo cha maktaba.

Angemwambiaje mama? Binti wa Njeri, mwenzao wa kanisani, aliposomea mawasiliano, Peris alicheka hadi machozi. "Anasomea kuongea! Kwani alizaliwa bubu?" Kuhusu Kiingereza ndiyo usiseme. Kiingereza cha kusomea miaka minne, na watoto wa hapa wanakiongea bure wakiwa na miaka miwili!

Peris mwenyewe alikuwa amefanya kazi miaka kumi na minane katika hospitali kubwa ya mjini. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye basi, sare ya bluu imepigwa pasi, beji kifuani. Kanisa zima lilimwita Sista, kama aitwavyo nesi. Wala hakuwa mtu wa kujigamba na ujuzi wake. Ukimuuliza habari za vidonge vyako vya presha, alikuambia umwone daktari wako. Hata Kerubo, mwaka ule mmoja aliokuwa bado kwenye unesi, alipomletea masomo ya mifupa amsaidie, aliambiwa vitabu vimebadilika sana.

"Nimepiga simu!" Eric, mwana wa mzee, alikuwa anatembea huku na huku. "Ambulensi iko njiani, dakika nane. Yule mama wa simu ya dharura alitaka kutuelekeza jinsi ya kumkandamiza kifua. Nimemwambia asijisumbue, tuko na manesi wawili hapa ndani."

"Sasa anasemaje?" mgeni mmoja akauliza.

"Nimeshakata."

Wawili! Kerubo akashusha pumzi. Hofu ilikuwa imemsahaulisha jambo kubwa kama hilo. Si mama yupo!

Peris alikuwa upande wa pili wa zulia, anaokota sahani na kupangusa soda iliyomwagika, mbio mbio, kama mtu aliyesikia wageni wako mlangoni.

"Mama! Njoo!"

"Fanya wewe," Peris akajibu bila kuinua kichwa. "Leo ni siku yako. Acha watu wakuone."

Hasira ikampanda Kerubo mpaka kooni. Mtu anakufa, na mama bado anatafuta sifa! Uso wa mzee ulikuwa umeanza kugeuka rangi ya majivu. Ernestine aliacha kusukuma watu. Sasa alikuwa ameketi chini, amekamata kiatu cha mumewe, anaita, "Baba Eric. Baba Eric."

Potelea mbali. Kerubo alimfuata mama yake, akamshika mkono, akamvuta mpaka wote wawili wakapiga magoti, mzee katikati yao. Akamwinamia mama sikioni.

"Mama, mimi si nesi. Niliacha zamani. Nasomea Kiingereza, naandika hadithi. Kesho unitupie nguo zangu nje kwenye theluji, sitasema kitu. Lakini sasa hivi huyu mzee ni wako. Tafadhali, mama. Mwokoe."

Akafumba macho kusubiri kofi. Kofi halikuja. Alipoyafumbua, mama yake alikuwa anamtazama, viganja vyake viwili viko juu ya kifua cha mzee bila kukigusa.

"Mwambie Eric ampigie tena yule mama wa simu," Peris akanong'ona. "Upesi, mwanangu. Mimi pale hospitali huosha sakafu."