Dawa Inaishia Getini

Wiki ya tatu tangu nianze vidonge vya kutembea, nilifagia uwanja mzima bila mkongojo, mimi niliyelegezwa miguu na ugonjwa wa neva kwa miaka sita. Nikajitanda khanga niende kumhani Bi Saumu, jirani aliyefiwa. Getini miguu ikagoma.

Nikampigia simu nesi aliyenipa vidonge.

"Dawa iko sawa, dada. Inafanya kazi ndani ya mipaka ya ramani aliyosaini mdhamini wako tu. Inaishia getini."

Mdhamini wangu ni mume wangu, Shomari. Alikuwa barazani, hakuinua macho.

"Nilihofia utaanguka barabarani, mama Zuhura."

"Nilipokuwa siwezi, ulinibeba mgongoni hadi sokoni. Leo naweza, unanifungia?"

Vilio vya msibani vilinifikia pale pale. Nikageuka kurudi ndani, na miguu ikanibeba vizuri mno.