Tonge la Nne

Tangu nipunguzwe tumbo hospitalini, sheria ya madaktari inaniruhusu matonge matatu tu, na kifaa walichoniwekea tumboni hunikatiza kwa sauti mbele ya watu. Mimi, niliyepata cheti cha masomo ya jioni nikiwa na miaka hamsini na mbili, naamrishwa na utumbo wangu!

Jana wakwe walikuja kumposa mjukuu wangu, Mwanahawa. Kwetu, mkubwa wa sinia akinawa mikono, wote wamemaliza, na jana mkubwa nilikuwa mimi. Nilipomeza tonge la tatu la pilau, kifaa kikatangaza: "Imetosha, mzee. Nawa mikono."

Wageni wakaacha kula. Mshenga akacheka kwa uchungu. "Kumbe tunafukuzwa hata nyama hatujaifikia?"

"Kuleni, wakwe zangu! Aliyesema si mimi."

Hakuna aliyerudisha mkono siniani. Nyuma ya pazia mke wangu akanong'ona, "Tafuna, bwana! Hata hewa, tafuna, usituharibie posa ya mtoto."

Nikatafuna hewa, huku nimefura kwa hasira. Wakaendelea kula, sinia ikaisha, na siku ya ndoa ikapangwa.

Ndipo kifaa kikaniambia polepole, mimi peke yangu: "Unamdanganya nani, mzee?"

Sikujua kwamba kinaweza kunong'ona.