Nani Aliyeyaonja Maji ya Bwawa?

Mto ulipokauka, wanyama walibakiwa na bwawa moja tu, na msitu mzima ulisema kwamba maji yake yana sumu. Funo alikuwa na mtoto aliyeanza kulegea kwa kiu. Akamwendea Ngiri, mjuzi wa kila kitu.

"Mzee Ngiri, ni nani aliyeyaonja?"

"Hilo nalo la kuuliza, mwanangu? Kila mtu anajua. Mimi nimeambiwa na Kima."

Kima alikuwa mtini akijikuna. "Nimeambiwa na Kasuku," akasema. "Nikamwambia Ngiri, na Ngiri, unamjua, akawaambia wote."

Kumbe wote wanasema neno la mmoja, Funo akawaza. Akamtafuta Kasuku.

"Mimi nimeona kwa macho yangu," Kasuku akajigamba. "Mnyama aliinama kunywa, akaruka kwa hofu, akatimua mbio. Kama si sumu, ni nini?"

"Mnyama gani huyo, shoga?"

"Si wewe? Juzi asubuhi."

Funo akacheka mpaka akakaa chini. Juzi tunda la mkuyu lilidondoka majini mbele ya pua yake, chubwi, naye akakimbia bila kuonja hata tone.

Akarudi bwawani. Vyura walikuwa wakiogelea na viluwiluwi wao. Akaonja kidogo, akangoja, kisha akamwita mtoto wake.

Ngiri naye akafika akitweta. "Nani kasema ni salama?"

"Mimi, mzee. Lakini usiniamini hivi hivi. Vyura wale pale, na maji haya hapa."