Makosa ya Taghreed

Kosa la nne hilo, na hata nusu saa haijatimu.

Masouda alikuwa akilia, na Taghreed akampa tishu. Balqees akafumba macho kwa karaha. Miaka ishirini na miwili aliwafundisha washauri nasaha jambo hilo: mtu akilia, usimkabidhi kitu cha kujipangusa. Ukimkabidhi, umemwambia anyamaze. Na Taghreed huyu huyu alikaa darasani kwake, safu ya mbele, akiandika kila neno!

Kikundi cha wanawake waliofiwa kilikutana kila Jumanne, katika nyumba moja ya Bawshar, chumba cha juu. Balqees alishika kiti cha kumkabili Taghreed, kama wanavyokaa waongozaji wawili, ili mmoja aone asichokiona mwenzake.

Na aliona mengi. Ile sauti ya kubembeleza, kama anauza udi sokoni Matrah. Vidole havitulii, vinachezea shela. Watu wakinyamaza sekunde kumi tu, keshababaika, anatafuta la kusema. Mwoga. Anayaogopa machozi kuliko wanaoyalia.

"Mie nnaona bora nisije tena," alisema Nunu, aliyefiwa na dada yake. "Nnarudi nyumbani nna uzito zaidi."

Taghreed akavuta pumzi. Balqees akamtangulia.

"Nunu, nani nyumbani anakukataza kulia?"

Nunu akamkodolea macho. "Mama," akasema, na hapo yakamtoka yote, ya miezi minane. Wenzake wakamshika mikono, wakamwacha aseme mpaka akatua.

"Ahsante, Mwalimu," alisema Taghreed.

Wala hakuona haya. Hilo khasa ndilo lililomchefua Balqees. Umenyang'anywa kazi yako mbele za watu, unashukuru? Hata fakhari ya kukasirika hana. Laiti angelijua mapema, asingelimpa alama za kupasia.

Taghreed akainuka, akalivuka duara na kiti chake mkononi, akaja kukaa ubavuni pa Balqees. Kiongozi hahami kiti katikati ya kikao. Hilo nalo alilifundisha, na hilo nalo limepotea.

"Mwalimu," akasema taratibu, "hii Jumanne ya sita. Wenzako wote washasema. Wewe hata jina lake hujatutajia."

Balqees akafungua mdomo ili amsahihishe. Likatoka jina la mwanawe.