Mngurumo wa Mwisho wa Shevrole

Siku hizi mwenye gari la petroli akifa, injini yake huwashwa mara moja tu kwenye maonyesho, kisha hufungwa milele. Tulilisukuma Shevrole la marehemu mume wangu hadi uwanjani, mimi na rafiki yake Mhina. Lilimeremeta, zambarau tupu, na miali ya moto aliyoichora mwenyewe kwenye boneti.

"Shemeji, hii siyo gari, ni bibi harusi!" alisema Mhina. "Liwashe basi, tumsikie."

Likakohoa mara mbili, kisha likanguruma. Kikohozi hicho mume wangu aliacha kukirekebisha makusudi, ili nijue ni yeye anarudi nyumbani. Watu wakashangilia.

Afisa wa kufunga injini akasogea. "Mama, zima sasa."

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia. "Mafuta bado yapo."