Onyesho Lililokatwa

Mwalimu mkuu alilikata onyesho la mwisho la mchezo aliouandika Kiroboto. "Wageni hawakuja kusikiliza umbea," alisema. "Wimbo ukiisha, pazia lishuke."

Wimbo ukaisha. Kiroboto akabaki jukwaani, sikio la kushoto likivuma kama lilivyovuma tangu kofi la mwalimu wa nidhamu.

Mwenzake akaishika kamba ya pazia. Kiroboto akamtikisia kichwa.

Akashuka hadi safu ya mbele, akamgeuzia sikio hilo mwalimu wa nidhamu, ambaye bado alikuwa akipiga makofi.

"Ninong'oneze chochote hapa, mwalimu," alisema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma. "Sisikii. Waambie kwa nini."

Makofi yakakatika. Katikati ya wazazi, mama yake, aliyeambiwa na shule kuwa sikio hilo lina usaha tu, akainuka.