Kamusi ya Sikioni

Tangu watu wazima waanze kuvaa kamusi sikioni, hakuna aliyejisumbua tena kukumbuka majina. Neno likipotea, kamusi humnong'oneza mwenyewe. Kazi ya Mwanakheri ilikuwa kupima kasi ya kila aina kabla haijaingizwa kwenye maktaba ya programu. Zote zilibanwa zisichukue nafasi kubwa, kwa kuyashikanisha maneno yenye mwanzo mmoja kwenye shina moja, ila moja ilibanwa mno, ikawa ndogo kama punje ya mtama, lakini ikajivuta kutoa neno.

Siku ya mapumziko alimjaribishia mbili kati yake mumewe, Makame, aliyekuwa jikoni akimenya muhogo. Alianza na moja ya zile za kasi.

"Haya, mimi nani?"

"Mwanakheri," akajibu papo hapo, macho yake kwenye muhogo.

Akambadilishia, akamtia ile ndogo. "Na sasa?"

Makame akaweka kisu chini, akamtazama kovu la kidevuni, akazitazama mvi zilizochungulia kwenye mtandio, kisha akatabasamu kama bwana harusi anayemfunua mkewe.

"Mwanakheri wangu," akasema.

Vipimo vilisema hiyo itupwe. Mwanakheri akaiacha palepale sikioni mwa mumewe, na yake mwenyewe akaibadilisha kwa ndogo kama hiyo, wawe sawa.

"Basi na wewe niite," Makame akamtania.

Mwanakheri akacheka, akafungua kinywa. Akamtazama mumewe usoni kwa mapenzi yote, akaendelea kutabasamu, akingoja jina lije.